Stelingi sita kwenye picha moja: kwa nini muvi za vita za zamani hazichuji?

#1 Kobe Mwendo
Wadau, habari za Jumapili. Jana usiku nimemkuta mdogo wangu wa miaka 19 anaangalia The Great Escape kwenye simu, ile ya mateka wa vita wanaotoroka kambini. Picha ya mwaka 1963, inakaribia saa tatu nzima. Huyu ni kijana ambaye wimbo wa dakika tatu anauruka katikati. Nikajua ataichoka, nikaenda kulala. Saa nane usiku nimeamka kunywa maji, bado yuko pale, macho makavu.

Akaniuliza: "Kaka, stelingi ni nani humu?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua sijui. Nimeiona picha hii mara tano au sita na swali hilo halijawahi kunijia.

Sasa nauliza kwa dhati. Navarone, Dirty Dozen, Where Eagles Dare, hizi picha za kundi la wanaume wanaopewa kazi moja isiyowezekana, zina nini? Vita vyenyewe si vyetu, waigizaji karibu wote marehemu. Mbona hazituachi?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa mkao wa kusoma. Wazee wa senema njooni.

#3 Baharia Mstaafu
Swali zuri, mwanangu Kobe. The Guns of Navarone niliiona Majestic ya Unguja nikiwa kijana mdogo, nimesimama kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Jibu langu ni la mtu wa chomboni, nipokeeni hivyo hivyo.

Chombo hakiendi kwa nahodha peke yake. Yupo serahangi, yupo wa injini, yupo mpishi ambaye mkimuudhi safari nzima imeharibika. Picha ile, ya kikosi kinachotumwa kisiwani kulipua mizinga ya Wajerumani, imejengwa hivyo. Gregory Peck ni mpanda majabali, ndiyo maana ameitwa. David Niven ni wa baruti. Stanley Baker ni wa kisu, na kisu chenyewe kimeshaanza kumchosha moyo. Anthony Quinn ana deni la damu na Peck, ameahidi vita vikiisha watamalizana. Unawaona wote ndani ya kijahazi kibovu, dhoruba inawapiga, na hakuna anayeweza kuifanya kazi ya mwenzake. Akifa mmoja, kuna kazi inabaki bila mwenyewe.

Hicho ndicho kilichonishika. Picha nyingine tulizokuwa tukiona, stelingi anajua yote: anapiga, anaimba, anaendesha gari, anamtibu mgonjwa. Hapa kila mtu ana kitu kimoja tu.

#4 Mtoto wa Kigogo
Mzee wangu Baharia, shikamoo. Nakubali ila sababu kubwa umeipita. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa kwenye kibanda cha vidio ni moja: STELINGI HAFI. Ukishamjua stelingi unakaa umetulia, hata azungukwe na watu mia.

Hizi picha zinakunyang'anya hiyo sheria. Stelingi wapo sita, nane, kumi na wawili, na sura zote ni za watu wakubwa. Nani atabaki? Hujui. Kwenye Dirty Dozen, wafungwa kumi na wawili wanaotumwa kuvamia jumba la maofisa wa Kijerumani, nilikuwa nimeweka moyo wangu wote kwa Jim Brown. Mtu amekimbia uwanja mzima akitumbukiza mabomu kwenye matundu ya hewa, anarudi anakimbilia gari, bado hatua chache... Sisi tuliokuwa kwenye benchi la mbele tulipiga kelele mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima. Kati ya wale kumi na wawili anabaki mmoja tu, Charles Bronson.

#5 Winga Teleza
Nyote mmeanzia kipindi cha pili. Utamu uko kwenye USAJILI.

Angalieni neno letu lenyewe: kikosi. Cha mpira ni kikosi, cha jeshi ni kikosi. Sehemu ninayoirudia ni ile ya mwanzo, Lee Marvin anapita mbele ya wafungwa mmoja mmoja, anapima nani anafaa wapi. Halafu mazoezi. Dirty Dozen ina saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ni kusajili na kufundisha watu wasiopendana. Mapigano yenyewe yanakuja mwishoni. Siku ya vita inapofika wewe mtazamaji umeshakuwa kocha, unajua udhaifu wa kila mchezaji.

Tena usajili huu una asili yake. Mjapani Akira Kurosawa alitoa Seven Samurai mwaka 1954, mashujaa saba wanakusanywa mmoja mmoja kukilinda kijiji cha wakulima. John Sturges akaihamishia kwenye nchi ya makauboi, The Magnificent Seven, 1960. Miaka mitatu baadaye Sturges huyo huyo anafanya The Great Escape, anabeba watatu wa kikosi cha zamani: Steve McQueen, Bronson na James Coburn. Hata muziki ni wa mtu yule yule, Elmer Bernstein. Kocha yule yule, uti wa mgongo wa timu ule ule, ligi tofauti.

#6 Dogo Janja wa Mbagala
Wakuu mimi naona mnazunguka. The Great Escape ni Steve McQueen na pikipiki. Alivyouruka ule uzio wa waya MWENYEWE bila kuigiziwa, na kile ni kisa cha kweli. Ukiitoa pikipiki hakuna picha.

#7 Mkufunzi
Dogo, nakusahihisha kwa upendo, usichukie. Ule mruko aliufanya rafiki yake McQueen, anaitwa Bud Ekins. McQueen alikuwa dereva hodari kweli na sehemu nyingine za mbio zile aliendesha mwenyewe, lakini uzio ule ni Ekins. Na pikipiki yenyewe haikuwepo kwenye tukio halisi.

Kilichotokea ni hiki. Kambi iliitwa Stalag Luft III, karibu na mji wa Sagan, ambao leo uko Poland. Mateka walikuwa wanajeshi wa anga wa nchi za Washirika. Walichimba mahandaki matatu na kuyapa majina ya watu: Tom, Dick na Harry. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 walitoka 76 kupitia Harry. Wa 77 alionekana mdomoni mwa shimo, kwa sababu shimo liliibukia kabla ya kufika msituni. Waliokamatwa tena ni 73, na kati yao 50 walipigwa risasi kwa amri ya Hitler. Waliofika salama ni watatu: Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja.

Wamarekani walisaidia maandalizi, lakini walikuwa wamehamishiwa sehemu nyingine ya kambi miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo McQueen wa kwenye picha hakuwepo usiku ule.

#8 Kobe Mwendo
Mkufunzi umeniacha kimya. Hamsini kwa sabini na sita. Kwenye picha inasemwa, lakini mimi utotoni nilibaki na pikipiki tu, kama Dogo.

#9 Mwanaapolo
Kwa mara ya kwanza jukwaa hili linajadili kitu ninachokijua kwa mikono yangu. Nimeshuka duara, yaani shimo la mgodi wa tanzanite, Mererani miaka tisa.

Picha hii niliiona nikiwa tayari mchimbaji, na nawaambia walioitengeneza waliheshimu kazi. Kwanza mbao. Mchanga ukiuchimba bila kuukingia unakufukia, kwa hiyo wale mateka walichomoa mbao za vitanda vyao, maelfu, wakawa wanalala kwenye vitanda vilivyobaki na mbao chache. Pili hewa. Handaki likifika urefu wa mita mia moja, na Harry lilifika hapo, kibatari kinazima na wewe kichwa kinaanza kuuma. Wao walitengeneza pampu ya mkono, na bomba la hewa wakaliunga kwa makopo ya maziwa ya unga. Tatu, na hii ndiyo iliyoniua kabisa, udongo. Mchanga wa chini ulikuwa na rangi ya njano, wa juu wa kijivu. Ukiumwaga wazi umekamatwa. Wakashona vifuko virefu ndani ya suruali, wanatembea uwanjani wakivuta kamba taratibu, mchanga unashuka miguuni, mwenzao anaukanyaga.

Hapo hakuna bunduki wala bomu, na sikupepesa macho.

Halafu Bronson. Anaitwa mfalme wa mahandaki lakini usiku wa mwisho anaogopa kuingia shimoni. Watu wengi wanaona kama limetungwa kuongeza chumvi. Mimi nimemuona mtu aliyeshuka duara miaka kumi akakataa siku moja, akakaa juu ya mdomo wa shimo akitetemeka, na hakuna aliyemcheka. Baadaye nikasoma kwamba Bronson alichimba makaa ya mawe Pennsylvania akiwa kijana. Nikaelewa kwa nini macho yake pale ni macho ya mtu anayekumbuka.

Kwa hiyo jibu langu, Kobe: ni picha za KAZI. Vita ni mahali tu kazi inapofanyikia.

#10 Ngoja Waje
#9 nimeisoma mara mbili. Asante.

#11 Binti Ngamiani
Naomba nami niseme, kwa sababu naona mnaongea kama vile hizi picha ni za wanaume na watazamaji wake ni wanaume. Mimi na dada zangu tulikuwa tukiziangalia na baba Tanga, na tulizipenda. Lakini tulikuwa tunatafuta mtu wa kumshika. Great Escape hamna mwanamke wa kumtaja. Dirty Dozen wanawake ni wa kuletwa usiku mmoja, na wengine wanachomewa kwenye handaki chini ya jumba pamoja na maofisa. Tukio lile linaniuma mpaka leo, na sioni mtu hapa aliyeligusa. Milango imefungwa, petroli inamwagwa kwenye matundu. Hao ndio mashujaa wetu?

Aliyetushika sisi ni Irene Papas kwenye Navarone. Anaongea kidogo, anatenda. Anapogundulika msaliti, wanaume wanabishana nani afyatue. Yeye ndiye anayefyatua.

#12 Mkufunzi
Dada Binti, umegusa pazito. Nyongeza moja tu: kwenye kitabu cha Alistair MacLean cha 1957, wale wapiganaji wenyeji wa Kigiriki ni wanaume, na msaliti ni mwanamume. Walioigeuza kuwa wanawake ni watengeneza filamu. Kwa hiyo Papas unayempenda ni zawadi ya senema, ila na lile la usaliti wa mwanamke nalo limeletwa na senema.

#13 Binti Ngamiani
Hilo sikulijua. Basi wamenipa mmoja na kunitia doa na mwingine. Nitaitazama upya.

#14 Baharia Mstaafu
Marahaba Mtoto wa Kigogo, nilichelewa kuitikia.

Kuhusu Navarone, msiitafute kwenye ramani, kisiwa hicho ni cha kutunga. Picha ilipigwa Rhodes, Ugiriki. Nimefika pale na meli ya mizigo. Kuna ghuba ndogo ya maji ya kijani, wenyeji wanaiita Anthony Quinn, kwa jina la mwigizaji. Nilikaa juu ya jiwe nikala mkate na zeituni, nikamkumbuka marehemu kaka yangu aliyeninunulia tiketi ya Majestic.

Binti, la wale wa kwenye handaki umesema kweli. Sisi zamani tulishangilia. Leo sishangilii.

#15 Msee wa Gikomba
Wadau wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnaongea senema, sisi wengine tulikutana na hizi picha kwenye vibanda vya mtaani, mtangazaji akiwa juu yake. Kwenu alikuwa Lufufu, kwetu DJ Afro. Stelingi mmoja ni rahisi kumtangaza. Wakiwa kumi na wawili inabidi kila mmoja apewe jina la mtaani ndipo watu wasipotee. Telly Savalas tulimwita Kipara, Donald Sutherland tulimwita Mrefu, na Lee Marvin alikuwa Mwalimu wa Zamu. Nilipokuja kuiona ya asili bila sauti ya mtangazaji nilihisi ni kama wamewanyang'anya majirani zangu majina.

Sasa sababu yangu. MPANGO. Mnaambiwa mapema kila kitakachofanyika. Dirty Dozen wanaukariri kwa mashairi ya hatua kumi na sita, namba na kina, kama watoto wa darasa la pili na jedwali la kuzidisha. Hatua ya kwanza hivi, ya pili hivi, mpaka ya kumi na sita. Nasi kwenye benchi tulikuwa tumeshika. Kwa hiyo Kipara anapoharibu mambo mapema, hakuna haja ya mtu kueleza. Benchi zima linajua hesabu imeharibika. Muvi za siku hizi mpango unafichwa ili ushtuke mwishoni. Pale unapewa mpango mkononi uushike uone unavyovunjika.

#16 Winga Teleza
Msee hapo nakupa penalti. Ila mpango ni sehemu ya usajili, usinikimbie.

#17 Msee wa Gikomba
Usajili bila mfumo ni kununua majina tu. Tumeona timu ngapi hivyo.

#18 Mwana Uvira
Mimi ni Mkongomani, nasoma kutoka mbali. Naomba mtu aniambie kuhusu The Wild Geese, 1978. Richard Burton, Roger Moore, Richard Harris, Hardy Krüger. Mamluki hamsini wanaingia nchi ya Afrika isiyotajwa jina kumwokoa rais aliyefungwa.

Kwa ufundi inafuata kila mlichokisema. Usajili upo. Mazoezi yapo. Mpango upo, na unavunjika pale ndege inapowaacha. Burton anapolazimika kumpiga risasi rafiki yake Harris aliyeshindwa kuifikia ndege, nililia. Nasema kweli, nililia.

Kisha nikakasirika na machozi yangu. Kwetu mamluki si habari ya senema. Mwaka 1964 na 1965 walipita. Wazee wa Baraka na Fizi wanawajua. Nyanya yangu alikuwa akisikia gari usiku anazima moto na kuwaficha watoto. Na watu wanaoanguka kwenye picha ile kama nyasi, mmoja baada ya mwingine, hawana jina hata la mtaani. Kikosi chote kimepewa majina upande mmoja tu.

#19 Mkufunzi
Ndugu yangu wa Uvira, hasira yako ina msingi kuliko pengine unavyojua. Mshauri wa kijeshi wa picha ile alikuwa Mike Hoare, yule yule aliyeongoza mamluki wa Komando 5 Kongo. Na ilipigwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Rais Limbani aliigizwa na Winston Ntshona, na John Kani naye yumo, wote wawili magwiji wa jukwaa la Afrika Kusini.

Miaka mitatu baada ya picha, Novemba 1981, Hoare alijaribu kuipindua serikali ya Shelisheli. Waliingia kama watalii, silaha zikagundulika uwanja wa ndege, wakateka ndege ya Air India wakakimbia. Wakati huo askari wa Tanzania walikuwa visiwani kule kuilinda serikali.

#20 Mtoto wa Kigogo
Mkufunzi!!! Hii ya Shelisheli ifungulie uzi wake.

#21 Kahawa Chungu
Mimi nawapinga wote, samahani. Mnachokipenda si picha, ni ujana wenu. Kibanda, benchi, kaka aliyenunua tiketi, baba aliyekaa nanyi sebuleni. Mngeoneshwa picha ya kupika ugali wakati ule mngeisifu leo.

#22 Kobe Mwendo
Kahawa, ningekubali kama si mdogo wangu. Ana miaka 19. Hana benchi, hana kibanda. Aliikuta peke yake kwenye simu.

#23 Kahawa Chungu
Hapo umenibana. Lakini mmoja si ushahidi. Waulize wenzake kumi.

#24 Jirani wa Kagera
Nimesita kuandika. Baba mdogo alipigana vita vya 1978 hadi 1979, alivuka mpaka na kurudi. Hakuwahi kutuhadithia mapigano. Kamwe. Lakini wenzake wa kombania walipokuja nyumbani, wangekaa hadi usiku wakihadithiana nani alikuwa mwizi wa sukari, nani alikoroma, nani alibeba redio kwenye tope. Wakifika karibu na vita vyenyewe wanakaa kimya, mmoja anaomba maji.

Picha hizi ndizo pekee alizokuwa akikubali kuziangalia. Muvi za mtu mmoja na bunduki kubwa alikuwa anainuka anatoka. Nilimuuliza mara moja. Akasema: "Wale wanagombana vizuri." Hakuongeza.

Nadhani inahusika kwamba wengi wa waigizaji wale walikuwa askari kweli. Lee Marvin alijeruhiwa Saipan 1944. Donald Pleasence, yule mghushi wa pasipoti anayepofuka kwenye Great Escape, ndege yake iliangushwa na akakaa kambi ya mateka ya Wajerumani. Richard Todd alishuka Normandy kwa mwavuli tarehe 6 Juni 1944, kisha miaka 18 baadaye akaigiza kutekwa kwa daraja lile lile kwenye The Longest Day. Wanavyovaa kofia, wanavyoshika sigara, wanavyokaa wakisubiri. Hilo la kusubiri haliigizwi na mtu ambaye hajawahi kusubiri.

#25 Mwanaapolo
"Wanagombana vizuri." Mzee alimaliza.

#26 Dogo Janja wa Mbagala
Nimesoma kuanzia #7 mpaka hapa. Naikubali ya Ekins. Swali: mbona hakuna picha ya namna hii ya kwetu? Babu zetu si walikuwa Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza?

#27 Mkufunzi
Dogo, hilo ndilo swali la uzi huu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, iliwafuata Wajapani kwenye bonde la Kabaw kule Burma, masika ya 1944, tope hadi magotini, wakafika mto Chindwin Desemba. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila hayo yote. Usajili huo, Winga, nani ameuona?

Na kabla ya hapo, Februari 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani kulikuwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Hakuna hata mmoja wao ambaye tumewahi kumuona akisajiliwa, akifundishwa, akigombana na mwenzake juu ya sukari.

Wenzetu wamejaribu. Indigènes ya mwaka 2006, askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa. Tamasha la filamu la Cannes walitoa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kundi zima badala ya mtu mmoja.

#28 Mwana Uvira
Tuzo kwa kundi zima. Kobe, mdogo wako aliuliza stelingi ni nani. Cannes nao walishindwa kumchagua.

#29 Baharia Mstaafu
Khedive Ismail. Mombasa, nilipoanza kazi, wazee wa bandarini walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini. Sikujua idadi. Mkufunzi, asante.

#30 Binti Ngamiani
Na wauguzi wale pia, tafadhali. Atakayeiandika asiwasahau.

#31 Kobe Mwendo
Mrejesho mfupi. Nimemsomea dogo #7 na #9. Amerudia sehemu ya mchanga wa kwenye suruali mara tatu, sasa anabishana na rafiki zake kama bomba la makopo lingeweza kweli kupitisha hewa mita mia. Wanataka kujaribu uani. Mama ameuliza makopo yake ya maziwa yamekwenda wapi.

Jumamosi tunaangalia Navarone. Mwanaapolo, kama una jibu la bomba, niandikie kabla hawajanichimbia bustani.

#32 Mwanaapolo
Linapitisha, ila viungo vizibwe vizuri na pampu isipumzike. Waambie wakinge mbao pembeni hata kama shimo ni fupi. Mchanga haujali kama ni mchezo.